Kuagiza mzigo China: namna ya kuelewana na kiwanda kabla hujatuma pesa

Mabegi ya shule yalifika Dar wiki ya mwisho ya Desemba, wazazi wakiwa wameshaanza kuulizia. Tulipofungua kontena kila kitu kilionekana sawa: rangi zilezile, kitambaa kilekile, hata nembo ya kipepeo imekaa mahali pake. Nikachukua begi moja, nikavuta zipu. Ikafika nusu, ikakwama. La pili, zipu ilifunga vizuri, lakini meno yakaachana nyuma ya kichwa. Hadi jioni tulikuwa tumekagua mabegi mia mbili, na katika kila kumi, matatu yalikuwa hayafungi.

Miezi mitatu kabla yake nilikuwa nimemuuliza dada wa mauzo wa kiwanda kile, "Zipu itakuwa kama ya sampuli?" Akajibu, "Hakuna tatizo, rafiki." Nikatuma advansi. Baadaye nilikaa na mkalimani tukasoma ujumbe wetu wote, mstari kwa mstari, ndipo nikagundua kwamba tatizo lilikuwa limeshasemwa mara tatu. Mimi ndiye sikulisikia.

Mwongozo huu ni kwa anayeagiza bidhaa za kutengenezewa, awe Kariakoo, Kamukunji, Kampala au Lubumbashi, na anashughulika na kiwanda chenyewe au na duka la Yiwu, ule mji wa China wenye soko kubwa la jumla, linalopokea oda kwa niaba ya kiwanda. Forodha na usafirishaji sivigusi. Hapa ni kuelewana tu, maana pesa nyingi za wenzetu nimeziona zikipotea hapo, bila mwizi kuwepo.

Hatua ya 1: Jua bei unayoishusha inatoka wapi

Kariakoo, muuzaji akikutajia 30,000, wewe ukaanza na 18,000, mkaishia 22,000, begi unaloondoka nalo ni lile lile lililokuwa limening'inia. Mlichokuwa mnagawana ni faida yake. Kupatana bei kwetu ni sehemu ya salamu, na anayelipa bei ya kwanza anaonekana mgeni.

Kiwandani begi bado halipo. Bei uliyotajiwa ni jumla ya kitambaa, bitana, sponji ya mgongoni, uzi, zipu, mshono na katoni. Ukiibana, lazima kitu kimojawapo kipungue, na mwenye kiwanda hatakwambia kipi usipomuuliza. Mimi nilishusha kutoka dola 3.10 hadi 2.60, nikajipongeza. Ile senti hamsini ilitoka kwenye zipu na kwenye uzi. Kwa upande wake hakunidhulumu: nimetaja bei, naye amenitengenezea begi la bei hiyo. Angenikatalia waziwazi, kwa hesabu yake angekuwa ameniaibisha mimi mteja na kujiaibisha yeye kwa kuonekana hawezi.

Basi usishushe bei ya jumla. Omba mchanganuo: kitambaa kiasi gani, zipu kiasi gani, ufundi kiasi gani. Wengine hawatakupa namba kamili, na hilo si kosa. Njia inayofanya kazi zaidi ni kuomba bei tatu za kitu kimoja: "Nipe bei ya begi hili kwa zipu ya kiwango cha juu, cha kati na cha chini, na unipigie picha ya kila zipu." Swali la namna hiyo linampa nafasi ya kukwambia ukweli bila kukunyima chochote. Na kila mara mnapokaribia kukubaliana, uliza: "Tukienda kwa bei hii, nini kitabadilika kwenye sampuli?" Usiulize kama kitabadilika. Uliza nini.

Hatua ya 2: Zoeza sikio lako kuisikia "hapana"

Wachina wana neno wanaloliandika kwa herufi za Kilatini kama mianzi, sawasawa kabisa na mianzi yetu ya kujengea, ingawa hayana undugu. Maana yake ya asili ni uso, na wanaitumia kwa heshima ya mtu mbele za watu. Anayeelewa stara hahitaji kufundishwa mengi hapa. Sisi wenyewe tukialikwa harusi ambayo hatutaenda, hatusemi "siji." Tunasema "Inshallah," au "tutajitahidi," na mwenye shughuli anajua asituhesabu kwenye sahani. Tatizo ni kwamba tunaijua lugha hii kwa Kiswahili, tukifika kwenye Kiingereza cha WeChat, programu ya ujumbe wanayoitumia Wachina, tunaisahau na kuchukua kila neno kama lilivyo.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kwenye simu yangu na sikuyasoma. Mara ya kwanza yule dada wa mauzo aliniambia zipu ile "kwa sasa si rahisi sana kupatikana." Kwa Kichina, kitu kisicho rahisi au "bu fangbian" mara nyingi ni kitu kilichokataliwa. Mara ya pili nilipomsukuma, akasema watalifikiria. "Kaolü yixia," yaani ngoja tufikirie kidogo, ikitoka kwa mtu ambaye jana alikuwa anajibu ndani ya dakika mbili, ni hapana yenye adabu. Mara ya tatu akanitumia picha ya zipu nyingine na kuandika kwamba ni "chabuduo," inakaribia kuwa sawa. Nikasema sawa. Ndipo likaja lile "mei wenti," hakuna tatizo. Nalo halikuwa uongo: kwake, mimi nilikuwa nimeshaona picha na kukubali.

Kuna na ukimya. Ukiuliza maswali matano ukajibiwa manne, la tano ndilo lenye shida. Usilirudie kwa hasira. Lirudie peke yake, kesho yake, kwa njia nyingine.

Zoea kuuliza maswali ambayo "ndiyo" haiwezi kuyajibu. Badala ya "Mtamaliza tarehe 20?" uliza "Leo mmeshashona mangapi, na kitambaa cha mengine kinaingia lini?" Badala ya "Mmeelewa?" sema "Naomba uniandikie kwa maneno yako tulichokubaliana ili nimwonyeshe mwenzangu." Huyo mwenzako hata asipokuwepo ofisini kwako siku hiyo, mtafute, umwonyeshe kweli. Jicho la pili linaona ambacho wewe, uliyekwisha kuipenda bei, hukioni.

Nao wana malalamiko yao juu yetu, na wana haki. "Kesho nakutumia pesa" yetu wameichukua kama ahadi, wameshaagiza kitambaa, halafu wiki mbili hatupokei simu kwa sababu tunaona haya kusema fedha haijatimia. Ni kosa lile lile likitokea upande wetu. Mwambie mapema: pesa itachelewa, hadi tarehe fulani.

Hatua ya 3: Linganisha saa na kalenda

China yote inafuata majira ya saa yaleyale, masaa matano mbele ya Afrika Mashariki. Kiwanda kikifunga saa kumi na mbili jioni yao, kwetu ni saa saba mchana. Ujumbe unaoutuma baada ya kula mchana utasomwa kesho, au utajibiwa na mtu aliyechoka akiwa nyumbani. Na kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi yetu, wao wako kwenye chakula cha mchana, na viwandani wengi hulala kidogo. Dirisha zuri ni saa mbili na nusu hadi saa saba.

Saa yetu ya Kiswahili nayo ni mtego. Nimewahi kumwacha dereva akisubiri mlangoni pa hoteli kwa sababu kichwani nilikuwa na saa tatu asubuhi, mdomoni ikatoka "three." Siku hizi naandika 09:00, saa za China, hata kwa Mswahili mwenzangu aliyeko Guangzhou. Tarehe pia: wao wanaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Andika jina la mwezi.

Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na hubadilika kila mwaka. Usihesabu siku za sikukuu pekee. Wafanyakazi wengi wanatoka mikoa ya mbali, wanaanza kuondoka wiki mbili kabla, na baadhi hawarudi kiwandani hapo tena, hivyo wiki za kwanza baada ya sikukuu mashine zinaendeshwa na mikono mipya. Mzigo ulioharakishwa kabla ya sikukuu na ule wa kwanza baada yake ndiyo unaohitaji ukaguzi mkali kuliko yote. Kuna pia wiki ya mapumziko inayoanza Oktoba 1. Anayetaka mabegi ya Januari aweke oda Agosti, wala asisubiri maonyesho ya Guangzhou ya Oktoba ndipo aanze kutafuta. Maonyesho hayo, yaliyoanza 1957 na hufanyika Aprili na Oktoba, ni mahali pa kumpata mtu wa oda ya mwaka unaofuata.

Hatua ya 4: Mjue anayeamua

Dada wa mauzo anayekujibu usiku na mchana, mwenye Kiingereza na picha za maua asubuhi, mara nyingi hana uwezo wa kubadilisha chochote. Viwanda vingi vya bidhaa ndogondogo ni vya familia, na neno la mwisho ni la laoban, yaani bosi mwenye mali. Akija laoban kwenye kikao na dada akanyamaza, usimlazimishe dada aeleze aliyokuahidi. Utamweka pabaya mbele ya mkubwa wake, na umempoteza mtu pekee aliyekuwa anakusaidia.

Mtafiti Mholanzi Geert Hofstede alichambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM katika nchi nyingi, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, na akaona kwamba watu wa kampuni moja walitofautiana kufuatana na nchi zao katika mambo kama nafasi ya mdogo kumpinga mkubwa. Kwa vipimo vyake, China na Afrika Mashariki zote ziko upande wa wanaomwachia mkubwa uamuzi. Mimi naona hilo ni la kutusaidia, kwa sababu tunajua kumtafuta mzee wa jambo. Ila wastani wa nchi si mtu. Kijana wa Yiwu aliyekulia dukani na mhandisi wa Shenzhen hawafanani, kama vile Mpemba na Msukuma hawafanani.

Anza na jina la ukoo, maana ndilo linalotangulia: Wang jingli ni Meneja Wang. Muulize akupe anavyopenda kuitwa. Kadi ya biashara au zawadi mpe kwa mikono miwili. Korosho, kahawa au kitenge kizuri vinapokelewa kwa furaha. Saa ya ukutani usipeleke kamwe, kwa sababu maneno ya Kichina ya kumpa mtu saa yanasikika kama kumsindikiza kaburini. Na fungua WeChat ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukifika kule WhatsApp na Google kwa kawaida hazifunguki.

Wewe nawe jitazame. Ukimtuma mpwa wako ambaye kwa kila swali lazima akupigie, wao wataongea naye mambo madogo tu. Mpe mamlaka ya kiwango fulani na uwaambie hivyo.

Hatua ya 5: Kula nao

Ukikaribishwa chakula, nenda. Wengi wetu tunakataa tukidhani tunaokoa muda wa kuzunguka maduka, na Yiwu ina maduka yapatayo 75,000 katika soko moja, kwa hiyo muda hautatosha hata hivyo. Mezani hutasikia bei sana. Utaulizwa watoto wangapi, kijijini kwenu kunalimwa nini. Wanakupima kama wewe ni mtu wa kudumu.

Subiri uonyeshwe kiti. Kama ni Mwislamu, au hunywi pombe kwa sababu yoyote, sema siku moja kabla, usisubiri gilasi ijae. Wana msemo wao unaokubalika kabisa, "yi cha dai jiu," chai mahali pa pombe, na unaweza kumtakia mwenyeji heri kwa kikombe cha chai bila mtu kuona vibaya. Migahawa ya Kiislamu ina maandishi ya "qingzhen," mara nyingi kwenye kibao cha kijani, na ukimwambia mwenyeji mapema ndiyo atakayoichagua. Ukimwambia umeshakaa, mbele ya sahani kumi alizokwisha kuziagiza, umemvunjia heshima bila kukusudia.

Hatua ya 6: Andika, na utafute muhuri

Urafiki haubatilishi karatasi. Nimesikia watu wakisema Mchina haheshimu mkataba, na si kweli. Kwa wengi wao mkataba unaonyesha mlipofikia leo, na mambo yakibadilika wanategemea mtazungumza, kama wanavyofanya marafiki. Ndiyo maana yale mambo usiyotaka yazungumzwe tena lazima yaandikwe kwa vipimo: upana wa zipu kwa milimita, uzito wa kitambaa kwa gramu, idadi ya mishono, rangi kwa namba. "Zipu nzuri" si kipimo. Sampuli mliyokubaliana zitengenezeni mbili, msaini zote, moja ibaki kwao na nyingine kwako.

Mkataba uwe na Kichina, si Kiingereza peke yake, na uwe na jina la kampuni kwa herufi za Kichina, kwa kuwa hilo ndilo jina lililosajiliwa. Omba picha ya leseni yao ya biashara. Ina namba ya tarakimu na herufi 18, na mkalimani wako ataweza kuikagua. Sahihi pekee haitoshi. Kule kinachobeba uzito ni muhuri wa kampuni, ule mwekundu wa duara wenye nyota katikati. Usione haya kuuomba, kwao ni jambo la kawaida kuliko kwetu. Na jina la akaunti ya benki lilingane na jina kwenye muhuri. Ukiambiwa utume kwa akaunti ya mtu binafsi, simama hapo hapo, hata kama mmeshakula pamoja mara nne.

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 mwanzo na 70 mzigo ukiwa tayari au ukishapata nakala ya BL, yaani hati ya meli ya kuupokelea mzigo. Hiyo 70 ndiyo sauti yako. Usiitoe kabla ya hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Sema habari ya ukaguzi siku ya kwanza

Ukisema mwanzoni, kabla ya bei, kwamba mzigo wako huwa unakaguliwa na mtu wa nje, hiyo ni taratibu yako. Ukisema mwishoni, umemwita mwongo. Maneno ni yaleyale, kinachobadilika ni siku uliyoyasema. Kagua mara mbili: vifaa vikishaingia na kabla mshono haujaanza, kisha mzigo ukiwa umefungwa kwa sehemu kubwa. Katoni achague mkaguzi, asichaguliwe.

Hatua ya 8: Mambo yakiharibika, lalamika pembeni

Siku ile ya zipu nilitaka kuirusha video kwenye kundi la WeChat ambalo lilikuwa na wanunuzi wengine na wafanyakazi wote wa kiwanda. Mkalimani akanizuia. Aliniambia nikifanya hivyo bosi atakuwa na kazi moja tu, kujitetea, na mimi nitakuwa nimebaki na mabegi yangu.

Tukamwandikia laoban peke yake. Tulianza kwa kumshukuru kwamba mzigo ulifika kwa wakati, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kisha tukaweka video ya mabegi kumi yakifungwa na kufunguliwa, bila maneno makali, na idadi tuliyoihesabu. Tukasema tunajua zipu ilibadilika kwa sababu ya bei, na kwamba sehemu ya kosa ni yetu. Tukamalizia kwa swali: "Bosi, wewe mwenye uzoefu, unatushauri tufanyeje ili wateja wetu wasikimbie?" Hatukudai kiasi. Tulimwachia aonyeshe ukubwa wake.

Alijibu baada ya siku mbili. Alitutumia kwa ndege vichwa vya zipu 1,500 na akakata asilimia kumi kwenye oda iliyofuata. Mafundi cherehani watatu waliketi nyuma ya stoo wiki nzima wakibadilisha vichwa, na hasara haikuisha yote, maana wiki ya kufungua shule ilikuwa imeshapita. Angekataa, ningebaki na mkataba usio na kipimo cha zipu, yaani bila kitu mkononi.

Oda iliyofuata nililipa dola 2.95. Zipu iliandikwa kwa milimita, na picha ya boksi la zipu ilinifikia kabla mshono haujaanza, saa tatu asubuhi yetu, ikiwa na ujumbe mfupi: "Rafiki, hii ndiyo, angalia kwanza."